MNAKULA BATA AU MNAKULA BAHARI?

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani, mtanisamehe. Leo naongelea sahani. Ndiyo, sahani, ile unayoipiga picha kabla hujaigusa ukiwa safarini.

Kuna dada mmoja, staa wa filamu, jina kapuni maana sitaki kesi na mtu. Alikuwa Unguja kula bata na mwenzake, video mliiona wengi tu. Sinia la mbao refu kama mlango wa kabati, kamba kochi sita wamepasuliwa katikati, pweza wawili wazima, kaa, ngisi, na samaki mmoja mkubwa kachomwa na kichwa chake, juu wamepamba kwa ndimu na maua. Watu wawili! Kamera ikazunguka sinia zima, dada akamega kochi mmoja kidogo, akasema "nimeshiba jamani", akacheka, video ikaisha. Baada ya kama saa moja akaweka video nyingine anacheza muziki, na ukiangalia vizuri nyuma yake meza ni ile ile na kochi wanne hawajaguswa.

Kwenye komenti sasa. "Bata batani." "Maisha ndo haya." "Mungu nione na mimi." Mdau mmoja akauliza kistaarabu tu, hao waliobaki wanapelekwa wapi? Akatukanwa yeye, mama yake na kijiji chake, mpaka akafuta komenti. Mimi leo namjibia huyo aliyefuta, kwa sababu swali lake lilikuwa la maana kuliko video yenyewe.

Najua mtakachosema. Hela ni yake, wewe una wivu, kwani ulichanga? Sikuchanga. Ila tusidanganyane hapa, wengi wa mastaa wetu kule hawalipi hata shilingi, wanapewa chumba na sinia ili waposti. Hiyo ni kazi kama kazi nyingine, siwalaumu. Lakini kama ni kazi basi ni tangazo, na tangazo linafundisha watu. Kinachofundishwa pale ni kwamba ukifika pwani, ukubwa wako unapimwa kwa idadi ya viumbe waliolala kwenye sinia. Wiki inayofuata kila mwenye akiba yake ya harusi anafika hotelini anaonyesha simu, "nataka kama hii". Mwenye hoteli anampigia mchuuzi, mchuuzi anampigia mvuvi, mvuvi anaingia majini kutafuta kilekile. Sahani yako ni oda, ndugu yangu. Haiishii mezani.

Tuanze na huyo kochi. Kamba kochi hafugwi kama kuku wa kisasa kwamba wiki chache tu yuko sufuriani. Anaishi kwenye mapango ya miamba na anachukua miaka kufikia ukubwa wa kujaza sahani. Jike akiwa na mayai anayabeba chini ya mkia, maelfu kwa maelfu, rangi ya machungwa, unayaona kwa macho. Mvuvi mwenye akili akimpata huyo anamrudisha majini. Sasa mvuvi ana watoto nyumbani na ada ya shule, simu inaita, mtu wa hotelini anataka kochi sita jioni ya leo leo. Unadhani atamrudisha? Wa kulaumiwa hapo ni mvuvi peke yake kweli?

Pweza ndiye ananiuma zaidi, maana pweza ni kitoweo cha watu wa kawaida. Kule visiwani kina mama wanasubiri bamvua, bahari ikikupwa sana wanatembea juu ya mwamba kwa miguu na kijiti au nondo mkononi, wanachokoa kwenye vishimo. Hawana boti, hawana mashine. Hiyo ndiyo hela ya mama ya daftari na sabuni. Na pweza ana maisha ya ajabu, sikilizeni. Anaishi kama mwaka mmoja na ushee tu. Jike anataga mara moja maishani, anajifungia pangoni analinda mayai, hali kitu, na watoto wakishatoka anakufa. Kwa hiyo ukimtoa kabla hajataga, umemtoa na ukoo wake wote. Lakini huyo huyo anakua haraka mno, ukimpa nafasi ya miezi michache tu anakuwa mzigo wa kubebwa begani.

Ndiyo maana kuna vijiji vimeamua kufunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa, hakuna kuingia, halafu wanafungua kwa pamoja na kila mtu anapata pweza wakubwa. Mtindo huu ulipata jina Madagaska, kijiji kinaitwa Andavadoaka, walianza mwaka 2004. Kwetu wamefanya Kisiwa Panza kule Pemba, na Songosongo upande wa Kilwa, na sehemu nyingine. Hebu fikiria mama anayeishi kwa pweza anakubali miezi mitatu asiguse mwamba ulio mbele ya nyumba yake. Halafu anakuja mgeni kutoka Dar na miwani yake ya jua, siku mbili tu yupo, anataka pweza leo na anataka wawili wazima kwa ajili ya picha. Hawezi kuuliza hata "huku mmefunga au mmefungua?" Swali dogo hilo, halilipiwi!

Kwa Bara sheria inakataza pweza wa chini ya nusu kilo. Sasa nyie wapenzi wa supu ya pweza ya jioni pale Dar, na mnajua wenyewe kwa nini mnaipenda, hahaha, hebu siku moja chunguzeni vile vimkono vidogo vidogo kwenye sufuria. Vile vilitakiwa viwe bado baharini.

Kuna kitu kingine kinaitwa samaki wa saizi ya sahani. Mgeni anapenda aletewe samaki mzima, kichwa na mkia vyote viko ndani ya sahani, picha inakaa vizuri. Lakini kuna samaki ambao kwa saizi ya sahani bado ni watoto. Chewa kwa mfano. Chewa anakua taratibu, na aina nyingi za chewa wanaanza maisha wakiwa majike, wakikua wakubwa ndiyo wanageuka madume. (Hii ingekuwa ubuyu wa mwaka kama angekuwa binadamu.) Ukila wadogo wote hakuna wa kugeuka, ukila wakubwa wote umemaliza madume. Ziwa Victoria nako ni hivyo hivyo, sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa kisheria, lakini nenda kwenye baadhi ya migahawa ya barabarani uangalie vinavyokaangwa.

Na pono, yule samaki wa rangi rangi mwenye mdomo kama kasuku. Pono anakula majani yanayoota juu ya matumbawe, anayasafisha, na akitafuna jiwe la tumbawe anatoa mchanga. Sehemu ya ule mchanga mweupe mnaojilaza mkipiga picha umepita tumboni kwa pono, samahani kama nimewaharibia. Ukimchoma pono kila siku, matumbawe yanafunikwa na majani, na samaki wengine wanakosa pa kujificha.

Sasa mtaniuliza, tule nini, upepo? Hapana! Pwani kuna chakula mpaka kinamwagika. Kula dagaa. Kula vibua. Hawa ni samaki wadogo wanaozaana kwa wingi na kukua upesi, bei yao ni ya mtu wa kawaida, na hela inabaki kwa watu wengi: anayevua, anayechemsha na chumvi, anayeanika, anayesafirisha. Dagaa wa Unguja wanafika mpaka Kongo, lakini staa wetu akifika Unguja hajawahi kumuona dagaa. Kula jodari kipande, siyo lazima samaki mzima. Nenda kwa bi mkubwa anayeuza urojo. Kiukweli mimi naona urojo ndiyo chakula cha kisasa kuliko vyote na watu hawajui tu: viazi, kachori, bajia za dengu, embe bichi, chipsi za muhogo, mchuzi wake mchachu, hakuna kiumbe aliyeteseka, na ukimaliza bakuli linaoshwa anapewa mwingine. Shida ya urojo ni moja, haupigi picha vizuri. Unaonekana kama mtu kamwaga kitu. Basi!

Na kasa, naomba tusitaniane. Akitokea mtu anakunong'oneza kwamba ana nyama ya kasa, kataa. Analindwa na sheria, na nyama yake inaweza kuwa na sumu ambayo kuipika hakuitoi. Machi 2024, huko huko Kisiwa Panza, watu 9 walifariki baada ya kuila, 8 kati yao watoto. Kwa hiyo mgeni unayetafuta "kitu cha tofauti" cha kusimulia ukirudi, hicho siyo.

Kuna kilichofanyika Kigoma pia. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa ili samaki wazaliane. Miezi mitatu, wavuvi wameegesha mitumbwi. Watu waliokwenda huko kipindi kile wakawa wanalalamika mitandaoni eti hakuna migebuka wala dagaa wabichi, safari imeharibika. Jamani! Mwenyeji anakaa miezi mitatu bila kipato na wewe unalalamika siku tatu bila mgebuka? Si kuna maharage, kuna mawese, kuna ndizi, kuna muhogo. Kwenda mahali ni kukuta mahali palivyo.

Lakini tutoke kwenye maji sasa, maana najua wengi humu hatupandi ndege kwenda kula kochi. Sisi ni watu wa basi. Na kwenye basi ndiko wengi wetu tunakosea kila mwezi, halafu hatuna hata staa wa kumsingizia.

Nina shangazi yangu anauza chakula barabara ya Dar kwenda Arusha, kabla hujafika Korogwe. Mihogo ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, mayai, machungwa ya Muheza msimu ukifika, karanga zake mwenyewe. Amenisomesha mimi huyo mpaka kidato cha nne kwa beseni, kwa hiyo mkiona naandika kwa hasira hapa mjue ni kwa nini. Zamani mabasi yalikuwa yanasimama hovyo hovyo, watu wanashuka kuchimba dawa, wananunua. Siku hizi basi linapita kama limetumwa, linakwenda kusimama kwenye hoteli moja kubwa ambayo dereva na kondakta wanakula bure, mnapewa dakika ishirini, na mnauziwa chipsi kuku kwa bei ambayo ukitajiwa unauliza mara mbili. Kila abiria anajua hii habari, wala siyo siri. Hoteli siitaji na basi silitaji. Ila angalia kilichomo kwenye lile boksi. Kuku wa kisasa aliyeletwa kwenye friji, viazi vilivyoletwa kwa lori, mafuta ambayo mengi tunaagiza nje ya nchi wakati Singida alizeti zipo, uma wa plastiki, kifuko cha tomato, soda ya chupa ya plastiki. Hakuna hata kitu kimoja cha Korogwe pale ndani! Umepita Korogwe, umelipia Korogwe, Korogwe haijapata kitu. Imebaki na boksi.

Na boksi lenyewe linaishia wapi? Dirishani. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019 na kweli ile mifuko ya rambo tuliisahau, tukazoea. Lakini yale maboksi meupe mepesi na chupa za maji bado vipo vimejaa mitaroni. Pita Mikumi, ile barabara inakatiza hifadhini kama kilomita 50, uone nyani wamekaa pembeni kama wanasubiri mshahara. Wanasubiri chipsi zako. Nyani akishazoea kulishwa barabarani haondoki, gari linamgonga, au anaanza kupora watu. Na faini ya kutupa taka hifadhini ipo, imeandikwa. Watu wanaona kibao, wanafunga dirisha, kikipita wanafungua wanatupa.

Halafu kuna kaka mmoja wa Bongo Fleva, naye jina kapuni. Alifanya ziara ya mikoani, anapiga shoo kila mkoa, na kwenye posti zake akawa anajisifu kwamba yeye hali vyakula vya njiani, gari lake limebeba friji ndogo, katoni za maji na vyakula vya kutoka Dar. Amefika Singida anaposti burger imepashwa moto. Singida! Mkoa ambao mtu anashuka kwenye basi makusudi kwa ajili ya kuku wa kienyeji! Nikasema huyu hajafika Singida, limefika gari lake tu.

Hebu fikiria barabara zetu zilivyo. Kwenda Mbeya unapita Ilula, nyanya na vitunguu vimepangwa barabarani mpaka unaona aibu kuvipita. Ukifika Tukuyu ni ndizi na maparachichi. Njia ya Arusha ukifika Mombo yanashuka matunda ya Lushoto, Desemba na Januari ni plamsi, kuna peasi, na bado abiria anafungua mkoba anatoa tufaa lenye stika lililotoka Afrika Kusini. Usukumani kuna matobolwa na michembe, viazi vitamu vimekaushwa juani, vinakaa miezi bila friji, bila umeme, bila plastiki. Bibi zetu walishamaliza huo utaalamu wa chakula cha safari kitambo. Bukoba mwezi Novemba na Desemba ni senene. Mnacheka? Senene anakuja mwenyewe na mvua, hujamlisha, hujakata msitu, ana protini, anakaangwa kwa mafuta yake mwenyewe, unaweka kwenye kikapu mpaka Dar. Mzungu akiambiwa wadudu ndiyo chakula cha kesho anaandika vitabu, Mhaya anaviringisha mfuko anapanda basi.

Wasomaji wangu wengine wanasema, sawa lakini tumbo je? Swali la haki hilo, kipindupindu siyo utani na choo cha basi hakipo. Mimi siwaambii mle kila kinachopita dirishani. Nawaambia mtumie akili mnayotumia nyumbani. Kilichochemshwa na kina maganda yake ni salama kuliko saladi ya hotelini iliyokaa toka asubuhi. Yai la kuchemsha, ndizi, chungwa unalomenya mwenyewe, hindi linalotoka motoni unaliona, muhogo una moshi. Kile cha kuogopa ni kilichopoa na kilichokatwa zamani, awe anakiuza shangazi yangu au mpishi mwenye kofia ndefu. Kuna watu wanakwepa mihogo ya moto ya mama wa watu halafu wanakula kuku aliyepashwa mara tatu kisa tu kuna kiyoyozi na vioo.

Na siyo lazima ununue kila kitu. Wazee wetu walikuwa na neno zuri, masurufu, chakula cha safari. Mtu hatoki nyumbani mikono mitupu. Kwetu Tanga ulikuwa unapewa mkate wa kumimina, visheti, samaki wa kukaanga mkavu, chai kwenye chupa. Siku hizi ukipanda basi na hotipoti watu wanakuangalia kama umetoka shamba. Mimi napanda nayo. Nina chupa yangu ya maji ya chuma, nina kijiko changu. Dada mmoja aliyekaa na mimi siti moja alinicheka kutoka Dar mpaka Chalinze, tulipofika Segera akaniomba muhogo. Nikampa, sina kinyongo, alikula vitatu.

Kuhusu hotelini pia niseme kidogo, hasa wale wa kulipia kila kitu kwa pamoja, bafe asubuhi, mchana na jioni. Binamu yangu amefanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya ufukweni. Anasema kitu kinachomuuma kuliko mshahara ni saa tano asubuhi, bafe ikifungwa. Mgeni kajaza sahani mayai, soseji, mkate, matunda ya aina saba, kaonja, kaacha, kaenda kuogelea. Na wengi wa hao, anasema, siyo wazungu. Ni sisi. Tumelipia kwa hiyo tunajaza. Wafanyakazi pale walikuwa hawaruhusiwi kubeba kilichobaki, kinakwenda pipani wakati nje ya geti kuna watu hawajanywa chai. Nyanya zile zimevuka bahari kutoka Bara kwa boti, mtu kazilima, kazibeba, kazishusha, zinaishia pipani saa tano asubuhi. Chukua kidogo, urudi tena. Bafe haikimbii!

Najua kuna watakaosema mvuvi na mkulima wanafaidika na watu kama yule dada, hata kama anaacha chakula, si ameshalipia? Nimelifikiria sana hili, na siyo hoja ya kitoto. Kweli hela inaingia. Lakini jiulize inaingia mfukoni mwa nani na kwa muda gani. Mvuvi kauza kochi sita leo kwa mchuuzi, bei kapanga mchuuzi. Kesho anakwenda mbali zaidi, keshokutwa mbali zaidi, mafuta ya boti yanazidi, kochi wanapungua ukubwa. Mgeni aliyeposti hayupo tena, yupo Dubai anaposti sinia lingine. Mama wa pweza yeye hana Dubai. Mwamba wake ni ule ule mmoja.

Kwa hiyo kwenu mastaa, na najua baadhi mnasoma humu maana mnanitumia matusi sirini, mimi siwaombi mle ugali na chumvi. Kuleni bata. Ila mnaweza kuagiza samaki mmoja wa watu wawili mkammaliza, picha ikawa ya mifupa. Mnaweza kumuonyesha bi mkubwa aliyewapikia urojo, jina lake, kibanda chake kiko wapi, na kesho yake ana foleni mpaka barabarani. Ile nguvu mnayo, tena bure. Mimi nikiposti mihogo ya shangazi wanaiona watu mia mbili. Yule kaka wa Bongo Fleva angeshuka kwenye gari lake pale Korogwe dakika tano, akanunua hindi, akasema "hili hindi ni la hapa hapa", shangazi angehitaji beseni la pili na msaidizi wa kulibeba. Na mabasi nayo yangejua abiria wanataka kusimama wapi.

Mwezi ujao nakwenda Tukuyu kwa basi, mara yangu ya kwanza kupita Kitonga nikiwa mtu mzima. Sasa nawahitaji. Andikeni hapo chini mkoa wenu, mahali basi linaposimama, na chakula cha hapo hapo ambacho mgeni akipita bila kukila mnamuona mjinga. Msiniandikie chipsi kuku, nitafuta. Nianze mimi: Tanga mjini, jioni, muhogo wa kuchoma umepasuliwa katikati, chumvi na pilipili ya unga, ndimu juu, umefungwa kwenye gazeti la juzi.